Ukuta wa Ghala la Nyuma

Kilwa Kivinje

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, halafu dada Asumini anayekusomea, maana najua umemkalisha kwenye kigoda cha mlangoni na umemwambia asiruke hata neno. Dada, shikamoo, na kweli usiruke, hata pale utakapotaka kucheka. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Kile kifua kilichonisumbua mwezi wa Ramadhani kimeachia. Natumaini goti lako nalo limepata nafuu, mikorosho imeanza kutoa maua, na yule mbuzi mweupe ameacha kutafuna kanga za watu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu inakula maneno, na kwa sababu kwenye simu nilikudanganya. Uliniuliza kazi inaendeleaje, nikasema inaendelea vizuri. Kumbe jirani yetu Hamisi alikuwa ameshapita hapa Kivinje kununua samaki wakavu, akasikia maneno sokoni, akakuletea huko Nyangamara kwamba mwanao kaharibu mali ya makumbusho na kafukuzwa. Mama, kuharibu niliharibu. Kufukuzwa, hapo Hamisi aliwahi kuondoka. Ngoja nikueleze yote kama yalivyokuwa, kisha unihukumu mwenyewe.

Nyumba tunayoitengeneza nilishakugusia. Ni ghorofa la mawe la tajiri mmoja wa zamani, aliyefanya biashara ya pembe za ndovu, utomvu wa sandarusi, na watu. Hilo la mwisho wenyeji hulisema kwa sauti ndogo, lakini hulisema. Miaka mingi ilikuwa gofu, mbuzi wanalala sebuleni na miti imeota juu ya kuta. Warithi wametawanyika, wengine hawajuani hata kwa sura, ila safari hii walikaa wakakubaliana na kamati ya mji kwamba iwe makumbusho, mtu yeyote aingie aone, mwenye viatu na asiye na viatu.

Fundi wetu mkuu ni Fundi Chande, mzee wa hapa hapa aliyerithi kazi ya chokaa kwa baba yake. Hataki kuiona saruji. Anasema ukiipaka saruji kwenye ukuta wa chokaa, unyevu unakosa pa kutokea na ukuta unaoza ndani kwa ndani huku nje unapendeza. Chokaa yetu tunailoweka shimoni miezi kadhaa kabla ya kuitumia, na yeye huionja kwa ncha ya ulimi kama mpishi anayeonja mchuzi. Mwanzoni nilimcheka, sasa na mimi naonja. Msimamizi wa yote ni Dada Nuru, mtaalamu wa mambo ya kale aliyetoka Dar es Salaam. Kwa umri ni mdogo kwangu, lakini tunamwita dada kwa heshima ya kazi. Maneno yake machache, na akikasirika yanapungua zaidi.

Sasa sikia nilichofanya.

Kamati ilikuwa inakuja kukagua. Dada Nuru alikuwa Lindi mjini kwa siku mbili, akifuatilia vibali. Fundi Chande naye akapatwa na msiba kwa wakwe zake, akaniachia funguo zote na kuniambia, "Mfaume, nyumba iko mikononi mwako. Fagia, panga vifaa, wageni wakute pasafi." Mama, unanijua. Mtu akiniambia nyumba iko mikononi mwangu, mikono inaanza kuwasha.

Nilifagia juu na chini. Nilisugua ngazi. Nikafungua hadi ghala la nyuma, chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye kitundu kimoja tu cha hewa karibu na dari. Lilikuwa limefungwa tangu nianze kazi. Ukuta wake mmoja ulikuwa mweusi wa masizi, na juu ya masizi pamechorwachorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Nilisogeza taa nikaona vijimtu. Vijimtu vimepangana mstari, vingine vina mizigo kichwani, na chini pembeni kuna mwanamke amebeba mtoto mgongoni. Nikajisemea, watoto wa mji huu hawana adabu, wameingilia wapi hawa?

Unakumbuka ulivyokuwa unatuchapa mimi na dada tukichora ukuta kwa mkaa? Unakumbuka kila ikikaribia Idi tulivyokuwa tunapaka nyumba upya, kwamba mgeni hapokelewi kwenye ukuta mchafu? Basi mimi niliyafuata hayo. Nilianzia chini pembeni, pale kwa yule mwanamke, nikasugua kwa brashi ya makumbi na maji mpaka pakatakata. Nikaona kusugua kunachelewesha. Nikakoroga chokaa ya kupaka, nyepesi, sikutia hata chumvi ya kuishikisha, nikaupaka ukuta mzima mara mbili. Jioni nilisimama mlangoni nikautazama, nikafurahi. Nakwambia ukweli, nilitamani ungekuwepo uone mwanao alivyojua kazi.

Kesho yake Dada Nuru akarudi. Alipita chumba kwa chumba akitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nyuma yake kama bwana harusi. Tulipofika ghala la nyuma alisukuma mlango, akasimama. Hakupiga kelele. Aliketi chini palepale sakafuni na suruali yake safi, akauliza, "Mfaume, nani alikwambia uguse humu?"

"Hakuna, dada. Palikuwa pamechafuliwa na watoto."

"Si watoto," akasema. Mimi nimeshika funguo sijui niziweke wapi. Halafu akaniambia, "Katika nyumba hii yote, milango ni ya tajiri. Ngazi ni ya tajiri, na kile kibaraza cha juu ni chake. Kitu kimoja tu humu ndani kilikuwa cha watu wake wa chini, wale waliotolewa bara na kufungiwa humu wakisubiri kupelekwa ng'ambo kuuzwa. Walichora wenyewe safari yao. Ndicho nilichokuwa nakiweka mwisho, nikiogopa hata kupumua karibu yake."

Mama, waliotolewa bara ni nani? Ni sisi. Ni watu wa huko huko kwetu, kina nani wa nani ambao bibi alikuwa akisema walikwenda kuchota maji hawakurudi. Sijui jina la hata mmoja, lakini walikuja mpaka hapa, wakapata kipande cha mkaa, wakaacha alama. Wenye nyumba hawakuifuta. Mvua haikuifuta. Nimekuja kuifuta mimi, mtoto wa Nyangamara, kwa brashi. Nililia mbele ya Dada Nuru bila kuona haya, na sioni haya kukuandikia.

Kamati ilipokaa, maneno yalikuwa makali. Mmoja alisema niondoke siku hiyohiyo, na hapo ndipo Hamisi aliposikia habari na kupanda gari lake. Fundi Chande alikuwa ameshatoka msibani. Akasimama, akavua kofia, akasema, "Mwanafunzi akikosea, aulizwe aliyemfundisha. Mimi nilijua kilichomo ghalani tangu utoto wangu, nikadhani kila mtu anajua. Kama ni kuondoka, tutaondoka wawili." Wakatupatia muda. Ikiwa ukuta utaweza kurudishwa, nibaki. Ikiwa hautaweza, nifunge mzigo wangu.

Picha zilikuwepo, Dada Nuru alishaupiga ukuta ule picha nyingi, hivyo tulijua kila kijimtu kilisimama wapi. Lakini nilipomwambia basi tuna picha, alinijibu kwamba picha ya mzazi wako haiwezi kuwa mzazi wako. Tulijaribu kukwangua chokaa taratibu kwa kijiti cha mwanzi. Ikatoka na masizi. Tulijaribu brashi kavu, ikawa vilevile. Siku ya pili Dada Nuru aliweka vifaa chini, akatoka nje kupunga upepo, na mimi nikajua mzigo wangu umeanza kufungwa.

Ndipo nikakumbuka harusi ya dada Asumini. Dada, hapa usicheke. Tulibandika magazeti na makaratasi ya rangi sebuleni kwa gundi ya uji wa muhogo, na harusi ilipokwisha tukayabandua, yakatoka na chokaa yote ya Idi, ukuta wa zamani ukabaki chini yake kama ulivyokuwa, hadi mikwaruzo yetu ya utotoni ikaonekana. Mama ulisema maneno siku ile ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya heshima. Nikamkimbilia Dada Nuru nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayeuliza huyu sasa anataka kutupikia. Fundi Chande ndiye aliyesema, "Hakutia chumvi kwenye chokaa yake. Haijashika. Uvivu wake unaweza ukatuokoa."

Dada Nuru hakukubali tuguse ghala mara moja. Tulichukua ukuta mbovu wa uani, tukaupaka masizi na kuuchora kwa mkaa, tukaupaka chokaa ileile nyepesi, tukajaribu. Magazeti yalichanika, tukahamia vitambaa vya bafta. Uji mwepesi haukushika, mzito ulishika mno. Kitambaa kikikauka kabisa kinang'oa mpaka mkaa, kikiwa kibichi haking'oi kitu. Kuna saa moja katikati, mama, kama ile ya makopa ya muhogo juani, yakishakauka nje na ndani bado yana uhai kidogo. Saa ile huijui kwa kutazama. Nilikuwa naigusa kwa mgongo wa mkono, kama unavyogusa wewe.

Sasa utaelewa kwa nini wiki zile nilikuwa nampigia dada kila siku kumwuliza habari za uji. Uji wa kiasi gani, maji lini, moto wa namna gani, na nilimwapisha asikwambie. Usimgombeze. Wewe ukaona mtu mzima anayeuliza uji kila siku lazima atakuwa mgonjwa, ukanitumia ule mfuko wa unga wa muhogo kwa gari la Lindi, na ujumbe kwamba ninywe asubuhi na jioni. Mama, sikunywa hata kikombe. Unga wa dukani hapa ulikuwa na mchanga na mabonge. Wako ulikuwa laini, umechekechwa mara mbili, gundi yake ikatoka sawasawa. Unga wako wote umeishia kwenye ukuta wa ghala la nyuma.

Tulianza juu, karibu na kitundu cha hewa. Kipande cha kwanza nilikibandua mwenyewe, Dada Nuru ameshika taa na Fundi Chande anasoma dua chini kwa chini. Kitambaa kilitoka na ngozi nyeupe ya chokaa, na chini yake akasimama mtu na mzigo wake kichwani. Mkaa wa zamani ulikuwa umeshanywewa na ukuta, haukutaka kutoka. Fundi Chande alinifinya bega hadi likauma.

Ilituchukua siku nyingi, kitambaa baada ya kitambaa, kila kimoja na saa yake. Mkono ulipochoka tulipumzika, maana Dada Nuru hakuruhusu mkono uliochoka uguse ukuta. Mstari ukarudi wote. Wakarudi na vitu ambavyo hata picha hazikuonyesha vizuri, mbwa mmoja anayefuata nyuma, na kilima chenye vijumba juu yake ambacho Fundi Chande anakiita kwetu na mimi nakiita kwetu, na kila mmoja ana sababu zake.

Ila pembeni chini hapakurudi. Pale nilipoanza kwa maji na brashi ya makumbi hapakuwa na kitu cha kurudi. Yule mwanamke na mtoto wake mgongoni nimewatoa mimi, na hawapo tena. Nimeliweka hili wazi kwako kwa sababu watu wananipongeza mno siku hizi, na pongezi zikizidi mtu husahau alichofanya.

Fundi Chande alitaka wachorwe upya kwa kufuata picha. Dada Nuru akakataa. Alisema patabaki peupe, na mtu atakayewaonyesha wageni chumba hiki atawaambia kwa nini. Halafu akaniambia mtu huyo ni mimi. Nilimsihi. Nilimwambia mimi ni fundi chokaa, sina maneno ya kusimama mbele ya watu. Akasema, "Maneno unayo kumi tu. Hapa palikuwa na mama na mtoto, nikawafuta kwa kutojua." Nikahesabu kwa vidole, hayakufika kumi. Kamati ikakubali nibaki, niendelee na mafundisho ya chokaa kwa Fundi Chande, na ghala la nyuma liwe langu.

Siku ya kufungua nyumba haikuwa na mambo makubwa. Ilisomwa dua uani, ikapita kahawa na halua, wakaingia watu wa mji kwa zamu. Wengine waliishi jirani na gofu hili maisha yao yote na hawakuwahi kupita mlangoni mwake. Walipanda ngazi wakishikana mikono, wakaenda kutazama bahari kutoka kibaraza cha juu, wakashuka wakicheka. Wakifika ghala la nyuma walinyamaza wenyewe, bila kuambiwa.

Katika waliokuja alikuwepo bibi mmoja wa Kiranjeranje, anaitwa Bi Somoe, amekuja na wajukuu zake wawili wa kike waliovaa sare za shule. Umri wake ni kama wa bibi yetu, kama angekuwa hai. Alitazama mstari wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, uso karibu na ukuta, mikono nyuma. Alipofika pembeni akaniuliza, "Na hapa mbona peupe, mwanangu?"

Nikamwambia, "Bibi, hapa palikuwa na mama amebeba mtoto. Niliwafuta mimi, kwa kutojua. Na mimi ni wa huko huko bara."

Nilingoja anilaumu. Hakunilaumu, na wala hakusema haidhuru. Alirudi mwanzo wa mstari, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Shikamooni." Akatulia kidogo, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Wajukuu zake wakaangaliana, kisha nao wakasema shikamooni. Halafu bibi yule akaja mpaka pembeni, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akainama kwa shida mpaka usawa wa pale peupe, akasema taratibu, "Na wewe, mama. Shikamoo."

Mama, nilikuwa nimefanya kazi kwenye chumba kile majuma mangapi? Nilikuwa nimewasugua, nimewapaka, nimewabandua, nimewaombea radhi kimoyomoyo. Kuwasalimu sikuwahi. Watu wa umri ule, wa huko kwetu, na mimi naingia na kutoka kama vile chumba hakina wakubwa. Tangu siku ile kila asubuhi nikifungua mlango nasalimu kwanza kabla ya kushika ufagio, na naanzia pembeni chini.

Nimalizie hapa, wino unaisha. Nisalimie mjomba, umwambie mikorosho yangu aipalilie kama yake na mengine nitamwambia mwenyewe nikija. Nisalimie shemeji mume wa dada, aliyelipa fidia ya chokaa ya harusi kwa kupaka nyumba nzima. Nisalimie jirani yetu Hamisi, mpe habari zote, maana ameanza nusu na si vizuri kumwacha na nusu. Mama mkubwa wa ng'ambo ya barabara mwambie nimepata dawa yake ya macho, naituma. Na dada msomaji, pokea salamu zako mwenyewe, umefanya kazi.

Wewe mama nakuomba kitu kimoja. Msimu wa korosho ukiisha, goti likikuruhusu, panda gari la asubuhi, nitakungoja Nangurukuru. Kuna wazee wa kwetu ndani ya nyumba hii waliotoka siku nyingi na hawajapata mgeni wa nyumbani isipokuwa mimi. Nataka wakuone. Nataka usimame pale pembeni, uwape hali ya huko, mvua ilivyonyesha, nani amezaa, nani ametangulia.

Mwanao anayekuheshimu,

Mfaume, mwenye funguo za ghala la nyuma.